Sekunde Arobaini na Tatu za Babu

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana najua ukisimama ni kwa ajili ya mteja. Sisi hatujambo. Bosi ametimiza miezi mitano juzi, ana jino moja na la pili analidai kwa kilio. Baba yake bado yuko zamu ya mchana kiwandani, kwa hiyo tunaonana kama wapangaji wa nyumba mbili. Mgongo unaniuma, lakini si wa kulalamikia.

Nisamehe tena kwa kutofika kwenye mazishi ya Babu. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa. Nimesikia kuna walionisema, na kwamba wewe uliwanyamazisha. Mungu akuweke.

Ile kazi aliyonipa Baba Mkubwa nimeimaliza, ile rekodi mliyoichukua wiki mbili kabla Babu hajatutoka, siku mlipomkalia aseme mambo yake yote. Ilikuwa ndefu, saa mbili na dakika arobaini. Baba Mkubwa aliniambia, "Wewe ndiyo kazi yako, mwanangu. Ondoa kikohozi, ondoa vimya, ibaki sauti ya mzee tu, kila mtu apate nakala." Imebaki dakika hamsini na moja.

Ungecheka ukiniona kazini. Bosi hakubali kulala ila juu ya mkono wangu wa kushoto, na kipanya cha kompyuta alikivuta waya kikaanguka, kikafa. Basi nafanya kila kitu kwa vitufe, mkono mmoja. Nikibonyeza kile kirefu cha chini, sauti inaenda. Nikibonyeza tena, inasimama. Mshale unanirudisha nyuma. Nikishikilia kitufe cha pembeni huku natembeza mshale, kipande kinashikwa. Nikibonyeza cha kufuta, kimekwenda. Kioo sikitazami kabisa, nimekipunguza mwanga kisimchome mtoto macho. Nasikiliza tu. Na vimya ndiyo rahisi kuliko vyote: vitufe vitatu kwa pamoja, programu yenyewe inatafuta kila mahali sauti iliposhuka chini ya kiwango nilichoweka, inapatoa, inaunganisha yaliyobaki. Mkuu wa studio anasema nina mkono mwepesi kuliko wenzangu wenye mikono miwili.

Mkiisikiliza uniambie mmeionaje.

Mwanao,
Mama Bosi


19 Februari

Mwanangu Mama Bosi,

Marahaba. Na huyo mwenye jino moja mwambie marahaba yake naiweka mpaka ajue kuamkia. Naandika kwa sababu simu yangu spika yake imeshindikana kuzimwa. Mtu akinipigia, hata wapita njia wanachangia mazungumzo.

Huku wazima. Sare za shule zimenifika shingoni, nimeweka vitambaa mpaka juu ya kitanda. Mwalimu mkuu amekuja mara mbili kuchungulia dirishani kama mume mwenye wivu.

Jumapili tulikaa sebuleni, wakubwa kwa wadogo, tukasikiliza kazi yako. Mwanangu, umejua kazi. Mwanzoni nilisema huyu siye baba yangu mgonjwa, huyu ni yule wa miaka hamsini. Baba yako mdogo akacheka, akasema mzee amepewa mapafu mapya. Mimi nilikuwa napinda ukingo wa sketi huku nasikiliza.

Ikafika kwenye nyumba. Sauti ya baba yako mkubwa ikauliza, "Baba, na nyumba hii, ukishaondoka, tuiuze tugawane?" Na baba yangu akajibu hapohapo, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa, "Ndiyo."

Nilikuja kuona sindano imo kidoleni, sikujua imeingia saa ngapi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda chake, mgongo wake umeegemea kifua changu, simu ya kurekodi imewekwa kwenye mto. Wanaume wamekaa kule ukutani karibu na feni. Neno la Baba ningelisikia mgongoni kabla halijatoka mdomoni. Kaka aliuliza, Baba akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikaona haya kwa niaba ya aliyeuliza. Hakuwajibu.

Nikasema hivyo mbele yao. Baba yako mkubwa akarudisha nyuma, akaicheza tena. Ndiyo. Akaicheza mara ya tatu. Ndiyo. Anasema hata siku ile yeye aliisikia. Akanigeukia kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniumiza. "Mdogo wangu," akasema, "umechoka. Umemuuguza mzee miaka kumi na sita." Wengine wakatazama chini, kama wanavyotazama chini mtu mzima akijikojolea.

Nyumba inauzwa. Mnunuzi anataka kufungua duka, kwa hiyo chumba changu cha mbele ndicho kinatakiwa kiwe wazi kwanza. Hicho chumba nilichomuuguzia Baba, unakijua. Watu hawaniulizi mimi nakaa wapi, wanauliza dirisha la fundi liko wapi.

Nakuuliza wewe uliyemsikia peke yako, wewe na masikio yako. Kati ya lile swali na lile jibu palikuwa na nini?

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, Bosi ameota jino la pili na mimi nimeota usingizi wa kuazima, nalala nimesimama kama farasi. Baba yake anakusalimu. Mkuu wa studio ameniongezea masomo ya redio ya darasa la nne, nakata makosa ya mwalimu mmoja anayesema "sawa watoto" kila baada ya pumzi.

Kuhusu ulichoniuliza. Naapa sikuongeza neno, sikubadili neno, sikupunguza neno. Sauti uliyoisikia ni ya Babu mwenyewe na ndiyo ni ya kwake. Nilichotoa ni kikohozi na kimya, kama nilivyoagizwa. Kimya si neno, Shangazi.

Rekodi yenyewe ya mwanzo nadhani niliifuta, mashine ilikuwa imejaa. Kadi yake ya kumbukumbu nilimrudishia Baba Mkubwa, naye keshaitumia kwa picha za harusi ya jirani yake.

Siku ile ulikuwa umekesha naye. Labda ulisinzia kidogo. Si aibu, mimi nasinzia nikiwa nanyonyesha. Usigombane na kaka zako kwa ajili ya hili, nakuomba. Baba yangu hayupo, nyie ndio mliobaki.

Mwanao anayekupenda,
Mama Bosi


15 Machi

Mama Bosi,

Barua imefika. Huku wazima. Mvua siku tatu. Nashona.

Nilisinzia, umesema. Mtu ameegemewa na mgonjwa asiyepumua sawasawa, yeye akasinzia. Haya.

Barua zako sasa zitume kwa fundi viatu wa pale kona, ni karibu zaidi kwangu.

Mtoto mfunike kichwa.

Shangazi


21 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, nakupa kwa magoti. Bosi mzima, anakaa bila kuegemea. Habari nyingine za nyumbani sina, na hata ningekuwa nazo ungeona naziweka mbele ili nisifike kwenye hili.

Jumatano Baba Mdogo alinipigia kuomba nakala nyingine, yake imepotea. Tukaongea ya watoto, tukaongea ya mvua, na katikati ya mvua akasema, kama anayetaja hali ya hewa, "Mvua hii imemsumbua shangazi yako, cherehani iko nje chini ya turubai." Nikamwuliza nje ya wapi. Akasema, "Nje ya stoo ya fundi viatu. Si amehamia huko tangu tarehe kumi Machi?"

Nilikaa sakafuni na simu sikioni. Aliendelea kuongea, sikumsikia. Tarehe kumi. Maana yake barua yangu ya kukwambia ulisinzia ilikukuta unalala katikati ya soli za viatu, na ukanijibu kwamba huku wazima, na kwamba mtoto nimfunike kichwa.

Hukuniambia. Na mimi nikwambie nisichokwambia.

Rekodi ya mwanzo sikuifuta. Sijawahi kufuta rekodi ghafi, ni mwiko wa kazi yangu. Nazihifadhi kwa tarehe, na hiyo ilikuwa mahali pake siku zote. Nilikuandikia "nadhani" kwa sababu niliogopa kuisikiliza. Wiki sita nzima nimekuwa nikipita juu ya jina lake na mshale, nashuka, napanda, nabonyeza kila kitufe isipokuwa kile cha kuifungua. Nilijiambia kuna mtoto, kuna masomo ya redio. Uongo. Mkono ulikuwa na nafasi. Moyo ndio haukuwa nayo.

Jumamosi mchana baba yake alimtoa Bosi matembezi. Nikafunga mlango, nikavaa visikilizio. Nilikuwa na mikono yote miwili siku hiyo, lakini nilitumia mmoja, wa pili niliukalia.

Nikaenda mpaka saa moja na dakika hamsini na mbili. Baba Mkubwa anauliza lile swali. Halafu kimya. Kimya, Shangazi, kirefu mpaka nikadhani mashine imesimama. Sekunde arobaini na tatu. Ndipo Babu anasema ndiyo.

Mpaka hapo nikajitetea: basi alifikiri, akajibu. Kuna kitufe cha kupandisha sauti ya kipande kidogo tu, kila ukikibonyeza inapanda ngazi moja. Nikakishika kile kimya, nikabonyeza. Feni. Nikabonyeza tena. Kitanda kinalia. Mara ya tano nikasikia kitu kama pumzi. Mara ya sita nikaacha kubonyeza, kwa sababu aliyekuwa anaongea ni wewe. Ulikuwa unamnong'oneza, "Baba, nikugeuze?"

Na Babu akajibu, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kuinuliwa, "Ndiyo."

Niliirudia mara kumi na moja. Niliweka kiwango juu kwa sababu ya kelele za feni, na wewe ulinong'ona chini ya kiwango. Programu ikakuhesabu wewe kuwa kimya, ikakutoa, ikalikokota jibu lako ikalibandika kwenye swali la mtu mwingine. Haikukosea. Ilifanya nilichoiamuru, na mimi nilikuwa sitazami, najisifu mkono mwepesi.

Nilikuandikia kwamba kimya si neno. Barua ile naomba uichane.

Lipo na lingine. Mkono ulikuwa umekwisha kuzoea kubonyeza, ukaendelea. Baada ya ile ndiyo kuna shuka linavutwa, halafu Babu anaongea karibu kabisa na simu, kwa sauti ya chini mno, maneno machache, nawe unamjibu neno moja. Hayo nayo yalikuwa chini ya kiwango. Unayajua. Sitayaandika hapa kwa kuwa si yangu. Lakini nimeshtuka mara mbili siku moja, na ya pili sijui niiweke wapi. Uliwaambia Babu hakuwajibu. Kweli, hakuwajibu wao.

Sijamwambia mtu. Nangoja neno lako, lakini usiniweke sana.

Mwanao mkosaji


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, inuka, magoti yatakuuma na una mtoto wa kubeba.

Barua yako nimesomewa na macho yangu mwenyewe mara tatu, nimekaa juu ya gunia la viatu vya watu. Ya kwanza nilicheka. Nikugeuze. Hilo nilimuuliza mara mia kwa siku kwa miaka kumi na sita, nani angelikumbuka? Mke wa fundi viatu akaja kuona nacheka nini, akanikuta nalia, akarudi zake. Mtu mwema, haulizi.

Hasira ninayo, sitakuficha. Nilidhani akili yangu imeanza kuondoka. Nilikuwa nikitia uzi sindanoni najiuliza kama sindano ipo. Nilifikia kuamini kweli Baba alisema ndiyo na mimi ndiye niliyekataa kusikia. Hilo la kuniibia masikio yangu mwenyewe litachukua muda. Lakini umerudi na umesema, na wapo wazee kwenye ukoo huu ambao hawajarudi na neno hata moja tangu wazaliwe.

Sasa hayo mengine. Nilidhani hakuna kiumbe aliyeyasikia, kumbe mto ulikuwa na sikio. Uyasikie kutoka kwangu basi.

Alisema, "Usibaki humu kwa ajili yangu. Mimi nikienda, na wewe nenda." Nami nikamjibu, "Nyamaza."

Hilo ndilo neno nililomjibu baba yangu kwa maneno yale. Aliishi wiki mbili zaidi na hatukurudi tena hapo. Tuliongea maji, dawa, blanketi.

Ningewaambiaje wale? Wangesema, unaona, hata mwenyewe kakufukuza. Na niende wapi, mwanangu? Niliingia chumba kile kuuguza nikiwa na miaka thelathini na moja. Kwingine kote mimi ni mgeni, pale tu ndipo nilipo fundi.

Nakuomba jambo moja na sijawahi kukuomba. Kata. Acha lile swali, acha kimya, acha "nikugeuze" na ndiyo yake. Hapo simamisha, yale ya mbele yafute. Kaka zangu wakisikia mpaka hapo wataona haya na nitarudi kwenye dirisha langu. Ni vitufe vingapi? Viwili? Ulipougua tetekuwanga nilikulaza kifuani kwangu siku tisa na kila mtu alikuwa anakuogopa. Sikuwahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bosi anatambaa, lakini kinyumenyume, akitaka kitu anakikimbia. Nilimsomea barua yako kwa sauti nikiwa nambembeleza, akalala. Mimi sijalala vizuri tangu hapo.

Sikati.

Nimeandika neno hilo nikaliacha siku mbili nione kama litabadilika. Halikubadilika. Siku tisa za tetekuwanga nazikumbuka, nakumbuka hata harufu ya chaki ya kushonea mikononi mwako. Ungeniomba figo ningekuuliza ya upande gani. Lakini mara ya kwanza nilikata kwa kuwa mkubwa aliniambia kata, na aliyeumia ni wewe. Nikikata tena kwa kuwa mkubwa ameniambia, safari hii ninayemziba mdomo ni Babu, na najua kabisa ninachokifanya. Ile ya kwanza naweza kuiita kosa. Ya pili ingekuwa na jina jingine.

Sikiliza nilichofanya. Ndani ya bahasha hii, kwenye kipande cha kitambaa, kuna kadi ndogo. Ni rekodi nzima, saa mbili na dakika arobaini, haijaguswa, kikohozi chote kimo. Pale kwenye kile kimya tu nimepandisha sauti, sijatoa kitu. Inaingia kwenye simu yoyote ya kawaida. Ukiniandikia kwamba imefika, hii ya kwangu naifuta, mwiko au si mwiko. Yale ni ya kwako na baba yako.

La pili, leo hiihii nimemwandikia Baba Mkubwa. Nimemwambia ndiyo ile ilikuwa ya kugeuzwa kitandani, kosa ni langu, na wewe hukusinzia wala hukuchanganyikiwa. Hilo sikulingojea ruhusa yako, nisamehe. Uzushi ule ulitoka mkononi mwangu. Sikumwambia kuna nini baada ya hapo. Atataka kusikia mwenyewe, namjua. Nimemwambia rekodi unayo wewe.

Kwa hiyo utaicheza wewe. Ukiisimamisha baada ya ndiyo, hakuna atakayejua na mimi sitafungua mdomo mpaka kufa. Kidole kitakuwa chako. Mimi siwezi kukupa mkono wangu kwa hilo, vingine vyote nakupa.

Usinikasirikie muda mrefu. Nimekuwekea na soksi ulizofuma mwaka jana, Bosi zimembana.

Mwanao


6 Juni

Mama Bosi,

Marahaba na kadi imefika. Soksi umezirudisha za nini, mtoto atavaa nini? Nimeziongeza kisigino, nazituma tena. Anayetambaa kinyumenyume usimsahihishe, atajua mwenyewe mbele iko wapi.

Nilikukasirikia siku nne. Ya tano akaja baba yako mkubwa.

Hakuingia. Alisimama mlangoni pa stoo na barua yako imekunjwa mara nne, kama mteja aliyekuja kuomba sare ambayo hajaleta kitambaa. Akasema, "Huyu mtoto anasema kweli?" Nikamwambia, "Mtoto gani? Ana mtoto wake." Akasema, "Mdogo wangu." Akaikunjua barua, akaikunja tena. Nikatoa kadi kwenye sidiria, nikamwambia twende tukasikilize.

Tulikaa sebuleni sisi watatu, yeye, baba yako mdogo na mimi. Simu ya fundi viatu tuliiweka mezani. Nikaianzisha mwanzo kabisa. Baada ya nusu saa ya kikohozi baba yako mdogo akasema, "Kwani ile fupi haipo?" Kaka akamjibu, "Ile fupi ndiyo iliyotufikisha hapa. Kaa." Tukakaa. Ugonjwa wote wa siku ile ukarudi pale sebuleni, mwanangu, pumzi kwa pumzi. Baba yako mdogo aliacha kutikisa mguu.

Likaja swali. Kikaja kimya. Kaka alikuwa ameinama, anasikiliza sauti yake mwenyewe inavyobaki hewani bila mtu wa kuipokea. Ikaja feni, kikaja kitanda, nikaja mimi. Nikugeuze. Ndiyo. Kaka alijiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. Baba yako mdogo akasema polepole, "Tumemtoa mtu nyumbani kwa hili."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilikuwa nimefanya mazoezi stoo, najua sekunde yenyewe. Mimi nimekata vitambaa maisha yangu yote, siwezi kupitiliza alama. Nikapitiliza. Sikukusudia wema wowote, usinisifu. Nilitaka tu kumsikia tena, na mle ndani ya spika sauti yake ilikuwa karibu kuliko nilivyowahi kuisikia mgongoni mwake.

"Mimi nikienda, na wewe nenda." Halafu mimi: "Nyamaza."

Sikuwa nimewahi kusikia sauti yangu mwenyewe nikisema lile neno. Miezi yote nilidhani nilimjibu kwa mapenzi, nilimtuliza. Kumbe ni sauti ya mtu aliyeogopa, mwanangu. Mtu aliyefunguliwa mlango akaurudishia.

Hakuna aliyenitazama. Baba yako mdogo akasema, "Kumbe ulijua alitaka uondoke."

"Nilijua."

"Na ukakubali kulala stoo?"

"Ningewaambia, mngesema hata Baba kanifukuza. Ningelala wapi?"

Kaka akainuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na ufunguo wa chumba cha mbele, akauweka mezani mbele yangu. Akasema, "Nyumba haiuzwi. Mnunuzi nitamkabili mimi. Aliyokwambia Baba ni ya kwako na yeye, sisi hatukuyasikia." Akaniomba radhi kwa jina langu la utotoni, ambalo sikuandikii maana utalitumia.

Nikarudi. Cherehani iko chini ya dirisha, na mwalimu mkuu keshakuja kuchungulia. Nimekaa humo siku tisa. Sare nimezimaliza. Na kila nikiinua macho kutoka kwenye sindano naona kitanda cha Baba kilipokuwa, nasikia ile nyamaza yangu.

Jana niliwaita wote wawili sebuleni. Nimepata chumba mkabala na lango la shule, dirisha lake dogo kuliko hili, lakini wanafunzi watapita puani mwangu. Nahamia tarehe ishirini. Hilo sikuwaambia kwanza. Nilimwambia kaka, "Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile ulilomuuliza Baba."

Aliona haya, akatazama mlango, akatazama mdogo wake. Mwisho akauliza, "Mdogo wangu, nyumba hii, tuiuze?"

Nikamweka angoje. Hapakuwa na simu ya kupima, kwa hiyo sijui ni sekunde ngapi. Nilisikia mtu anapita njiani anaburuta ndala. Nilisikia kaka anameza mate. Kisha nikasema ndiyo, kwa sauti ya kufika barabarani, nikawaambia mtu yeyote akiuliza nani aliyesema, waseme ni mimi, wasimtaje Baba.

Midomo yao ilibaki wazi kama ya watoto wa ndege. Baba yako mdogo akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kama hakusikia, arudie swali.

Shangazi yako